MAONI: Ukialika mabeshte kucheza kadi kwako, kosa la pili ni lako

Jumamosi usiku, saa tatu hivi. Bedsita yako imejaa watu saba. Viti ni viwili, wengine wameketi kitandani na mmoja amekalia ndoo iliyopinduliwa. Chai iko kwenye thamosi, njugu ziko kwenye sahani, na katikati ya zulia kuna rundo la kadi. Mmoja anashusha kadi yake ya mwisho, anainua mikono juu na kupiga kelele za ushindi.

"Wewe! Hukusema niko kadi!"

"Nilisema bana!"

"Ulisema saa ngapi?"

"Nilisema, ni wewe hukusikia!"

Kisha wote wanageuka na kukutazama wewe. Si kwamba unajua sana mchezo huu. Wanakutazama kwa sababu keja ni yako, kadi ni zako, na ni wewe uliyewapigia simu waje. Hapo ndipo wenyeji wengi huinua mabega na kusema, "Nyinyi malizaneni huko." Mimi pia nimewahi kusema hivyo, na nimejuta.

Nimekuwa nikiandaa mchezo huu kwangu kwa karibu miaka mitatu, tangu nilipopanga chumba changu cha kwanza Umoja. Katika muda huo nimefoka pasipofaa mara moja, na nimenyamaza pasipofaa mara mbili. Zote tatu zilinigharimu watu ninaowapenda. Ndiyo maana leo nataka tuzungumze, mimi nawe ambaye kila wikendi mbogi hukusanyika kwako, kuhusu kazi ambayo hakuna anayetufunza: kumkanya mgeni aliyekosea mezani.

Msimamo wangu ni huu. Kosa la kwanza ni la mgeni. Kosa lilo hilo likirudiwa na wewe umeketi tu unatabasamu, basi ni lako.

Kwanza tuelewane ni mchezo gani ninaouzungumzia. Poka yetu si ile ya Las Vegas unayoiona kwenye filamu, ambapo mchezaji hupewa kadi mbili, akaweka dau na kukunja uso asisomeke. Sisi hapa Kenya tulilichukua jina tukalipa mchezo mwingine kabisa. Unashusha kadi inayolingana na iliyo juu, kwa namba au kwa alama. Mbili na tatu humlisha mwenzako, na Joka humlisha tano. Ree humwokoa anayelishwa, na wakati mwingine hukupa nafasi ya kuagiza alama unayotaka. Nane na malkia ni maswali, lazima uyajibu. J humruka mtu, mfalme hurudisha zamu nyuma. Na kabla ya kumaliza, lazima uwatangazie wenzako: niko kadi.

Watoto wa Kenya wanaujua mchezo huu kuliko jedwali la kuzidisha. Shida ni kwamba hauna kitabu kimoja. Aliyejifunzia bwenini ana sheria zake, aliyejifunzia barazani mtaani ana zake, na aliyefunzwa na binamu yake likizo ya Disemba ana zake pia. Kwa mmoja, swali linaweza kujibiwa kwa swali. Kwa mwingine, hapana. Huku mtu akisahau kusema niko kadi anaokota kadi mbili, kule anazuiwa tu kumaliza. Ukiwaweka watu hao saba kwenye zulia moja bila kuwaambia mnacheza kwa sheria za nani, umewasha moto kisha unashangaa moshi unatoka wapi.

Kwa hivyo kazi yako huanza kabla ya kadi ya kwanza kugawanywa. Sema sheria kwa sauti, dakika mbili tu. Mnaanza na kadi ngapi mkononi? Joka zimo au zimetolewa? Mbili juu ya mbili zinajumlishwa? Niko kadi inasemwa wakati gani, na asiyesema anafanywa nini? Unaweza kumaliza kwa swali? Mnaweka pesa au hamweki, na kama mnaweka, mwisho ni ngapi? Mchezo unaisha saa ngapi?

Najua utaniambia hayo ni mambo ya mwalimu wa zamu. Lakini fikiria: sheria ikisemwa saa mbili usiku, kabla mtu hajawa na kadi mkononi, haimlengi yeyote. Sheria hiyo hiyo ikisemwa saa nne, mmoja akiwa amebakisha kadi moja, inaonekana umeitunga ili umkomeshe. Maneno ni yale yale, lakini saa mbili ni sheria, saa nne ni vita.

Baada ya hapo, jifunze kutofautisha kosa la kutojua na kosa la makusudi. Mgeni aliyeshusha kadi kabla ya zamu yake kwa sababu amechangamka si mwizi. Aliyesahau kusema niko kadi kwa sababu alikuwa akicheka si mwizi. Huyu mwambie sheria, usimwambie tabia yake. "Hapa kwetu ukisahau unaokota mbili, chukua mbili tuendelee." Basi. Usianze, "Wewe kila siku unajifanya." Ukitaja kadi, ataokota kadi. Ukimtaja yeye, atajitetea yeye, na mtakesha.

Sasa nikuambie nilivyofoka.

Tulikuwa sita usiku huo. Kulikuwa na dau dogo katikati, mbao kila mtu kwa kila raundi. Rundo likaisha, tukachanganya upya, na mmoja wetu akasema Joka moja haionekani. Kulikuwa na jamaa mmoja aliyekuwa ameshinda raundi tatu mfululizo. Ni rafiki yangu tangu kidato cha kwanza. Sikufikiri. Nilimwambia mbele ya wote, "Msee, toa hiyo kadi." Akacheka, akidhani natania. Nikarudia, safari hii bila kucheka. Akasimama, akageuza mifuko yake yote nje, akavua viatu, akavaa viatu, akaenda zake bila kuaga.

Joka tuliipata kesho yake nilipokuwa nikifagia. Ilikuwa imeingia chini ya godoro, upande ule niliokuwa nimekaa mimi mwenyewe.

Nilimpigia simu kuomba msamaha. Akanisamehe, au alisema amenisamehe, lakini hajawahi kurudi kwangu. Tukikutana stejini tunasalimiana kama watu waliowahi kufanya kazi ofisi moja.

Tangu siku hiyo nina utaratibu, na nakupa bure. Kadi ikipotea au mtu akishuku kuna mchezo mchafu, usimtaje mtu. Simamisha mchezo. Kila mmoja aweke kadi zake chini, zikiwa zimefunikwa. Hesabu zote: pakiti kamili ina 52, ukiongeza Joka mbili ni 54. Tafuta chini ya zulia, kwenye mikunjo ya blanketi, chini ya sahani. Ikipatikana, mcheke, muendelee. Isipopatikana, raundi hiyo inafutwa, kila mtu anarudishiwa pesa yake, mnagawa upya. Hakuna aliyeaibishwa, na kama kweli kulikuwa na mjanja, amejua kwamba kwako kadi huhesabiwa. Hilo linamtosha.

Na kama umemwona kwa macho yako mawili akiificha? Bado si la kusemewa kitandani mbele ya watu. Tangaza mapumziko ya chai. Mwite nje, kwenye korido, umwambie kwa ufupi: "Nimeona. Sitasema ndani. Ikirudiwa, tutakuwa tumemalizana." Kisha rudini ndani pamoja, wewe ukiwa umebeba sukari. Mtu akipewa njia ya kurekebika bila kuvuliwa nguo hadharani, mara nyingi huifuata. Asipoifuata, umejua ulikuwa na nani.

Kuna watu watakaokuambia kwamba mgeni hakanywi. Kwamba sisi ni Waafrika, mgeni hupewa kiti, si maonyo. Nawaheshimu, lakini wahenga hao hao ndio waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tena mezani kuna wageni saba, si mmoja. Ukimnyamazia mmoja anayewaharibia sita, heshima hiyo umempa nani? Umempa mwenye kelele, ukawanyima waliokuja kwa utulivu.

Hapa ndipo nilipokosea mara ya pili. Kulikuwa na dada mmoja, jirani wa mlango wa tatu, aliyekuja kwa sababu alisikia vicheko vyetu kupitia ukutani. Hakuwa anajua mchezo vizuri. Alikuwa akiuliza maswali, na alikuwa akichelewa kidogo kucheza zamu yake. Jamaa mmoja wetu, mcheshi sana, akaanza kumtania. Mara ya kwanza sote tulicheka, hata yeye. Mara ya tano alikuwa akicheka peke yake. Jamaa alikuwa akipiga miayo zamu ya dada ikifika, akihesabu sekunde kwa sauti, akimwita "mwanafunzi". Mimi nilikuwa nikimimina chai. Nilisikia kila neno, nikajiambia ni stori tu za mabeshte.

Wiki iliyofuata nilimwalika, akasema ana nguo za kufua. Wiki nyingine, ana nguo za kufua. Nani hufua nguo saa tatu usiku kila Jumamosi?

Mcheshi ndiye aliyemfukuza, lakini ni mimi niliyeufungua mlango. Ningesema nini? Maneno machache tu, mara ya pili alipoanza: "Acha acheze, sote tulijifunza." Kwa sauti ya kawaida, bila hotuba, kisha nigawe kadi. Kukanya mapema ni kazi ya sekunde tatu. Kukanya kwa kuchelewa ni kazi ya miezi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe unaujenga kati yako na jirani.

Makosa mengine madogo yatibiwe vivyo hivyo, mapema na bila chuki. Kuna anayeshika simu, kila zamu yake mnamwamsha kama abiria aliyefika mwisho wa safari. Mwambie simu ikae mfukoni, au apumzike raundi moja akimaliza kuchati. Kuna shabiki, yule asiyecheza lakini amesimama nyuma ya watu akichungulia kadi na kunong'ona, "Usishushe hiyo." Huyo mpe kazi. Mwambie akaange mayai, aongoze muziki, au aingie mchezoni. Kuna yule aliyeshindwa akatupa kadi ukutani. Mwambie aziokote mwenyewe, moja moja, na umkumbushe kwa upole kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Na kuna yule anayeshinda kisha anawahutubia wenzake dakika kumi. Gawa kadi. Hotuba itaisha.

Usidhani haya ni ya vijana wa bedsita pekee. Hata kwenye ile poka nyingine, ya mashindano ya mamilioni ya dola, wasimamizi wana chama chao, Tournament Directors Association, kilichoanzishwa mwaka 2001 ili sheria zifanane kila mahali. Kanuni yao ya kwanza kabisa haizungumzii kadi. Inasema msimamizi aangalie kwanza maslahi ya mchezo na haki, na kwamba jambo lisilo la kawaida likitokea, busara na haki zinaweza kutangulia sheria zilizoandikwa. Kama watu wenye vitabu vya sheria, kamera na wagawaji kadi waliosomea kazi wanahitaji mtu wa kukata shauri, itakuwaje sisi wenye pakiti iliyochanika pembe?

Ndiyo, utakata shauri na utakosea. Ukigundua umekosea, sema. Na sheria ikikuangukia wewe, okota kadi zako kama wengine. Mwenyeji anayejisamehe mwenyewe hana mdomo wa kumkanya mtu.

Sasa tufike kwa pesa, maana hapa ndipo watu huumia kweli.

Sikatai kwamba mbao katikati huongeza ladha. Lakini dau lina tabia ya kupanda lenyewe likiachwa. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watu wamelipwa. Tulianza na mbao. Mtu akasema tuweke soo. Baadaye mwingine, aliyekuwa anataka kurudisha alichopoteza, akasema mia tano. Nilijua si sawa. Nilimwona rafiki yetu mmoja, anayefanya kazi ya mjengo, akiweka mia tano baada ya nyingine huku miguu yake ikitetemeka. Kila mara nilitaka kusema "imetosha", na kila mara nikajiambia ni mtu mzima, anajua pesa zake.

Alipoteza raundi tisa. Hizo ni shilingi 4,500, zilizotoka kwenye kodi yake ya 7,000.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshinda raundi tatu kati ya hizo. Asubuhi nilimpelekea 1,500 zake. Mwingine alirudisha yake. Wa tatu akasema mchezo ni mchezo, na sikuwa na la kumjibu, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameweka kikomo, na wa kukiweka nilikuwa mimi. Rafiki yetu akalala kwangu wiki mbili, mlango wake ukiwa na kufuli ya mwenye ploti. Hakunilaumu hata siku moja. Kila jioni aliniuliza kama nimekula. Heri angenilaumu.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, kuhusu pesa usiwe mpole. Kikomo cha dau kisemwe kabla ya kuanza na kisipandishwe usiku huo, hata wote sita wakiomba. Hasa wote sita wakiomba. Hakuna kucheza kwa deni. Hakuna kukopa kwenye simu ukiwa umeketi mezani. Ukimwona mtu anabonyeza simu yake kutafuta mkopo, mchezo umeisha, washa taa, ita watu wale. Walio chini ya miaka 18 hawaweki dau, hata akiwa ni mdogo wako anayejua poka kuwaliko wote. Sheria ya nchi hairuhusu, na wewe ndiye utakayejibu kwa mama yake. Usijikatie chochote kwenye dau la wenzako kwa kisingizio cha stima na sukari. Siku unapoanza kujikatia, hujaalika marafiki tena, umefungua biashara ya kamari, na biashara hiyo ina sheria na leseni zake. Sukari ichangwe kando.

Siku hizi kwangu hatuweki pesa kabisa. Wa mwisho huosha vyombo vyote. Utashangaa jinsi watu wazima wanavyopigana kuepuka sufuria ya ugali.

Na je, aliyekanywa mara ya kwanza mezani, mara ya pili kwenye korido, na bado anarudia? Huyo usimfukuze usiku, mbele ya watu, huku amekasirika na pengine amekunywa. Malizeni mchezo mapema. Mpigie kesho yake, mchana, mkiwa wote na akili timamu. Usimtumie ujumbe kwenye kundi, wala usimwondoe kimya kimya akagundua mwenyewe. Mwambie kwa sauti yako: "Kwenye kadi tupumzike kwanza. Chai njoo wakati wowote." Wengine watakata simu. Wengine, baada ya mwezi, watapiga.

Utaniambia ninaua raha. Kwamba watu wametoka kazini, wanataka kupumua, si kusomewa katiba. Nakubali, hakuna anayependa mwenyeji anayepuliza filimbi kila dakika. Ila hebu jiulize ni nani anayesema sheria zinaua raha. Kwangu alikuwa ni mcheshi na yule wa mchezo ni mchezo. Yule dada hakuwahi kulalamika kwamba sheria ni nyingi. Wala rafiki yangu wa mjengo.

Nilimwendea yule dada hatimaye, nikagonga mlango wa tatu. Sikumwalika. Nilimwambia tu kwamba nilisikia aliyoambiwa, nikanyamaza, na kwamba nilikosea. Akaniambia, "Nilikuwa nangoja uone." Alirudi baada ya wiki tatu. Mcheshi alipofungua mdomo nilimtazama tu, akaufunga, akashusha kadi.

Kwa hivyo Jumamosi hii, kabla hujagawa, waangalie watu wako mmoja mmoja. Nani mgeni? Nani hajalipa kodi? Nani huumia akitaniwa lakini hucheka? Kisha sema sheria zako, uchanganye kadi vizuri, na umpe aliye kulia kwako azikate.